Nafasi kati ya miche ya nyanya kwenye tuta dogo la nyumbani

Mama Bustani (Arusha):
Habari zenu, ndugu wakulima. Nina tuta moja nyuma ya nyumba, huku upande wa Tengeru, lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2, na kitaluni nina miche 30 ya nyanya iliyofikia kimo cha kuhamishwa. Jirani yangu, ambaye nyanya zake huwa nzuri kila mwaka, ananiambia niache sentimita 30 kati ya mche na mche ili yote ienee, ilhali bwana shamba aliyepita hapa ameniambia nisishuke chini ya sentimita 60. Nikimfuata wa kwanza, hakuna mche utakaobaki; nikimfuata wa pili, zaidi ya nusu itanibakia mkononi. Naomba kueleweshwa sababu ya tofauti hiyo, kwa kuwa kutajiwa namba peke yake hakutanisaidia msimu ujao. Mbegu zilikuwa za pakiti mbili, Cal J na Money Maker, na miche yake nimeitenga. Ningependa kupanda wiki hii, kabla masika hayajakolea.

Mkulima wa Mgeta:
Mama Bustani, umefanya vyema kutaja aina za mbegu, kwa sababu swali la nafasi haliwezi kujibiwa bila kuzijua. Cal J ni nyanya fupi: hukua kama kichaka, hutoa matawi mengi pembeni, na hufikia mahali ikaacha kurefuka. Haifai kupogolewa sana, kwa kuwa matunda yake mengi hubebwa na hayo matawi, hivyo ukiyakata unapunguza mavuno yako mwenyewe. Mmea wa namna hiyo unahitaji sentimita 60 pande zote, na hapo bwana shamba yuko sahihi kabisa.

Money Maker ni nyanya ndefu, inayoendelea kupanda juu maadamu ina afya. Ukiisimikia mti, ukaifunga kwa kamba ya katani, na ukawa unang'oa machipukizi yanayotokea kwenye makwapa ya majani yangali madogo, itabaki na shina moja lililosimama wima, na shina hilo halihitaji zaidi ya sentimita 45. Huenda jirani yako hupanda aina ndefu na huzipogoa bila kukosa. Hata hivyo, sentimita 30 kwa eneo lenye mvua na baridi kama la kwenu mimi nisingethubutu.

Sababu kubwa ni bakajani chelewa. Ugonjwa huu hupenda hali ya ubaridi na majani yanayokaa na maji kwa saa nyingi, na ukishaingia unaweza kuteketeza bustani ndani ya siku chache. Miche iliyobanana haipitishi upepo, umande wa usiku haukauki mapema asubuhi, na dawa ya ukungu unayopuliza huishia kwenye majani ya nje huku ya ndani yakibaki bila kinga.

Baba Kitalu (Kirinyaga):
Nakubaliana na ndugu wa Mgeta, ila ningependa tusizichukue namba za mashambani kana kwamba ni sheria. Vipimo kama sentimita 75 kwa 60 vimezingatia mtu anayepita katikati ya mistari akiwa amebeba pampu mgongoni. Tuta la upana wa mita 1.2 unalifikia kwa mkono kutoka pande zote mbili, kwa hiyo hakuna haja ya kuacha njia ndani yake. Panda mistari miwili tu, iliyoachana kwa sentimita 60, na kila mstari uwe sentimita 30 kutoka ukingoni. Mstari wa tatu katikati unavutia macho siku ya kupanda, lakini ndio utakaozuia hewa, na matunda yake hutayafikia bila kuvunja matawi ya mingine.

Vilevile usiipange miche ikitazamana. Ipishanishe, mche wa mstari huu uelekee kwenye pengo la mstari ule. Kwa sentimita 60 tuta lako litabeba miche mitano mstari mmoja na minne mwingine, jumla 9. Kwa sentimita 45, ukianzia sentimita 15 kutoka mwisho wa tuta, itaingia saba na sita, jumla 13.

Mama Bustani (Arusha):
Nashukuru sana, sasa nimeelewa kwamba wote wawili walinieleza kweli, ila kila mmoja alikuwa na mmea wake kichwani. Nitapanda Money Maker 13 na kuzisimikia miti. Je, hizo Cal J nizipeleke kwenye tuta la pili, ambalo nimetoka kuvuna bilinganya?

Mkulima wa Mgeta:
Hapana, tafadhali. Bilinganya, pilipili, viazi mviringo na nyanya ni ukoo mmoja, na mnyauko unaobaki kwenye udongo hauchagui kati yao. Tuta hilo lipe maharage au mchicha kwanza. Cal J chache ziweke kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, mche mmoja kwa kila ndoo, ukichanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, na uzimwagilie bila kuruka siku, kwa sababu ndoo hukauka haraka na maji ya kusuasua husababisha matunda kuoza kitako. Zinazobaki mgawie jirani, ingawa najua kugawa miche uliyoilea mwenyewe kunauma.

Baba Kitalu (Kirinyaga):
Nyongeza kwa zile 13: simika miti siku hiyohiyo ya kupanda, kwani kuichomeka baadaye hukata mizizi. Mimea ikishafika kiunoni, ondoa majani yanayogusa udongo, weka matandazo ya nyasi kavu, na maji yamiminie kwenye shina, asubuhi, bila kulowesha majani. Ukipitwa na wiki mbili bila kung'oa machipukizi, sentimita 45 hazitakutosha tena.