Forester turbo: silensa inacheza, ikikanyagwa inakosa nguvu. Napimaje kama inavuja hewa?

Kanyenye_Tbr
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Forester SG5, injini EJ20 ya turbo, petroli, otomatiki. Kwenye silensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa) rpm zinapanda na kushuka kati ya 600 na 1,000. Taa ya injini imewaka na skana inatoa P0171, yaani hewa nyingi, mafuta kidogo. Nyongeza ya mafuta ya muda mrefu (mafuta ambayo kompyuta inaongeza) ni asilimia +19 kwenye silensa; nikishikilia 2,500 inashuka hadi +6. Nikikanyaga kulipita lori njia ya Nzega nasikia "fsss" na nyuma unatoka moshi mweusi. Geji ya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifoldi) inasoma inchi 15 za zebaki. Fundi mmoja anasema turbo limekufa, mwingine anasema sensa ya oksijeni. Naomba namna ya kupima kabla sijatoa hela.

Mwanga_Kgm
Mkuu, usinunue chochote kwanza. Namba zako zinaonyesha tundu lilipo.

Tundu likiwa kati ya turbo na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga), kwenye silensa hulioni, maana hapo hakuna presha wala mvuto wa maana. Linajitokeza turbo likianza kusukuma. Likiwa kati ya sensa ya hewa na turbo, linavuta hewa isiyopimwa ukikanyaga, pamoja na vumbi linalokula mapanga ya turbo. Likiwa baada ya throto, kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), kwenye silensa linavuta, kompyuta inaongeza mafuta, ndiyo hiyo +19. Ukikanyaga, tundu lile lile linapuliza nje hewa ambayo sensa imeshaihesabu. Mafuta yanazidi, moshi mweusi. Wewe una dalili zote mbili, kwa hiyo anza na manifoldi.

Kifaa unatengeneza mwenyewe. Nunua kofia ya bomba la PVC inayoingia vizuri kwenye mdomo wa hozi ya kuingizia hewa (pima kipenyo, usikisie). Toboa milimita 11.5, vuta valvu ya tairi ya tubulesi ipite. Toa boksi la chujio na sensa ya hewa, chomeka kofia palipokuwa na sensa, kaza klampu. Usiiweke kwenye mdomo wa turbo, maana hozi ya kuingizia hewa kwenye turbo, inayopita chini ya manifoldi, ndiyo hupasuka bila kuonekana, na utakuwa umeiruka.

Kabla ya kujaza: injini iwe ya baridi na imezimwa, gia P. Hozi za kupumulia zinazotoka kwenye kava za valvu na kreshi (kasha la krenki, chini ya injini) kwenda hozi ya turbo zichomoe, mirija yote uzibe. Usipoziba, presha inaingia kwenye oili na sili zinaweza kutoka.

Tumia kompresa yenye regyuleta. Tangi la fundi tairi lina zaidi ya psi 100; ukilifungulia moja kwa moja, kofia inaruka kama risasi. Anza psi 5, sikiliza. Panda hadi 10, usizidi 15, na usisimame mbele ya kofia. Fungua throto kidogo ili presha ifike manifoldi, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo: intakula (kipoza hewa ya turbo), valvu ya kurudishia hewa, oringi za nozeli, gasketi ya manifoldi, hozi ya brek busta, vimirija vyote vyembamba.

Usitegemee ishike presha kama tairi. Ukisikia upepo mwingi kwenye ekzosi, kuna silinda ambayo valvu zake ziko wazi. Zungusha krenki kidogo kwa spana ya 22, ujaze tena. Ukiusikia mwingi kwenye kifuniko cha oili au dipstiki, huenda valvu ya PCV (ya njia moja, inayopeleka mvuke wa oili kutoka kreshi kwenda manifoldi) haifungi.

Isevya_77
Njia fupi: washa injini, pulizia kabureta klina kwenye viungo. Rpm zikibadilika, umepata tundu.

Mwanga_Kgm
Ndugu, kwenye turbo usifanye hivyo. Bomba la turbo lina moto wa kuwasha kile kimiminika, na intakula imelala juu pale pale. Tumia maji kwenye chupa ya kupulizia. Matone yakiziba tundu, mlio wa silensa unabadilika.

Mama_Ujiji
Kaka, hizo inchi 15 hapo Tabora si ugonjwa. Mji uko kama mita 1,200 juu, hewa yenyewe ni karibu kPa 88, wakati Dar ni 101. Silensa nzuri huacha kPa 30 hadi 40 ndani ya manifoldi. Toa 35 kwenye 88, inabaki 53, yaani kama inchi 15.7. Injini hiyo hiyo Dar ingesoma 19 na ushee. Mafundi wengi wanashika namba za pwani na kulaumu turbo lisilo na hitilafu.

Tena kompyuta hubana hewa ya silensa kufidia, kwa hiyo tundu dogo geji haikuonyeshi. Hakikisha na sensa ya MAP (inayopima presha ya manifoldi) pia: washa swichi bila injini, isome kama 88. Ikisoma 101 hapo Tabora, sensa inadanganya.

Kanyenye_Tbr
Nimejaza psi 8. Viungo vya intakula vikavu kabisa. Povu limetoka chini nyuma ya manifoldi, kwenye kona ya hozi inayotoka valvu ya PCV. Juu inaonekana nzima. Nikiikunja, mpasuko wa kama sentimita mbili unafunguka, na pembeni yake vumbi limeganda na oili.

Mwanga_Kgm
Ndiyo hiyo. Usiweke hozi ya maji, mvuke wa oili utailainisha, na silikoni ya kawaida pia. Tafuta hozi ya oili au petroli yenye nyuzi ndani, kipenyo kile kile. Isikunjwe kona kali, vakyumu itaibana. Kama huna ya umbo lake, weka kiwiko cha chuma katikati. Itoe na PCV yenyewe: ukipuliza kwa mdomo upande wa kreshi ipitishe, upande wa manifoldi ikatae. Futa oili kwenye mirija, kaza klampu, jaza tena psi 10. Kisha futa kodi na endesha kilomita kama 50. Nyongeza ikibaki kati ya -5 na +5 kwenye silensa na kwenye 2,500, funga boneti.