Mdudu wa kidole kwa mama anayepaa samaki: ni bakteria gani, na amoksilini inafaa?

Mleta uzi (Kirumba): Ndugu wanajukwaa, mke wangu anapaa sato na sangara pale Mwaloni. Tangu juzi kidole chake cha shahada kimevimba pembeni mwa ukucha, kinapwita usiku kucha, na usaha umeanza kuonekana chini ya ngozi. Jirani anasema akichomeke ndani ya limao, na muuza duka la dawa ametuelekeza tupasue kapsuli za amoksilini na kunyunyizia unga wake juu ya uvimbe. Naomba kueleweshwa ni bakteria gani wanaoleta hali hii na kama unga huo unawafikia.

Nesi wa Igoma: Pole kwa kuuguza. Anayeongoza ni stafilokokasi, ambaye huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi bila kuwadhuru mpaka kigozi kinachoziba mzizi wa ukucha kichanike. Streptokokasi humfuatia, na kwa wanaotafuna kucha huingia pia bakteria wa mdomoni. Unga haupenyi hadi kwenye usaha, na hata akimeza kapsuli, stafilokokasi wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini, ndiyo maana daktari akiona dawa inahitajika huandika kloksasilini au inayofanana nayo. Usaha ukishakusanyika, tiba yenyewe ni kuutoa kwa kifaa safi zahanati, na mara nyingi vidonge havihitajiki tena. Kwa sasa aloweke kidole katika maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Limao mlile na samaki.

Mchuuzi wa sangara: Sisi wa samaki tunaye mwingine, erisipelothriksi, anayeingia mwiba unapochoma. Ngozi huwa nyekundu ya zambarau yenye mpaka unaoonekana, maumivu huzidi uvimbe, wala hakuna usaha. Huyo hutibiwa kwa penisilini.

Mleta uzi: Nashukuru. Je, nikitumbue kwa sindano ya kushonea?

Nesi wa Igoma: Hapana. Kama ni vilengelenge vidogo vya maji, huenda ni virusi vya hapesi, ambavyo havipasuliwi kabisa. Akipata homa, mstari mwekundu ukipanda mkononi, au ikiwa ana kisukari, aende leo hii. Asirudi kupaa kabla kidonda hakijafunga, na akirudi avae glavu za mpira juu ya glavu za pamba, akibadilisha za ndani kila zinapolowa.