Tupeane uzoefu: Tovuti ya siasa iliyokufanya uchukue hatua, au iliyokukatisha tamaa

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Tovuti za siasa ziko za kila aina: za mabunge, za vyama, za tume za uchaguzi, za wanaharakati. Nyingine ukizisoma unaondoka na hasira tu, nyingine zinakupa la kufanya. Naomba tusimuliane yaliyokukuta wewe mwenyewe. Ulimwandikia mbunge? Ulikwenda kwenye kikao? Ulibadili kura?

Naanza mimi. Kilichonigeuza ni kumbukumbu za kura za bungeni. Uingereza wanayo TheyWorkForYou tangu 2004. Unaweka msimbo wako wa posta, unaona mbunge wako kasema nini na kapigaje kura. Kenya wanayo Mzalendo, iliyoanzishwa na Ory Okolloh na Conrad Akunga katikati ya miaka ya 2000. Mbunge wetu alikuwa akiunguruma mikutanoni kuupinga muswada mmoja wa ardhi. Nikaingia kwenye tovuti ya namna hiyo, nikakuta siku ya kura hakupiga. Nikachapa ukurasa, nikaenda nao kwenye mkutano wake, nikauliza kwa adabu. Akasema alikuwa safarini kikazi. Inawezekana kabisa. Ila tangu siku ile ofisi yake hutoa taarifa kabla ya kura kubwa, na watu walioniona nikiuliza nao sasa huuliza. Mkutano umebadilika kuliko mbunge, na kwangu hilo ndilo kubwa.

Karani_Mstaafu:
Mleta mada, nakuunga mkono, ila na tahadhari. Hesabu peke yake hupotosha. Huko huko Uingereza yalitokea malalamiko kwamba baadhi ya wabunge waliongeza maswali ili takwimu zao zipendeze mtandaoni. Kazi ya kamati, pale kifungu kibaya kinapofutwa kabla hakijafika ukumbini, haionekani kwenye idadi ya hotuba.

Nilikuwa karani wa kamati. Maoni ya wananchi yalipoanza kupokelewa kwa mtandao, mengi yalikuwa nakala za barua ile ile. Hayo tuliyahesabu. Yaliyotaja namba ya kifungu na kupendekeza maneno mbadala, wajumbe waliyasoma mstari kwa mstari, hata kama yametoka kwa mtu mmoja asiyejulikana. Nawasihi wenye tovuti za kampeni: wapeni watu muswada wenyewe na nafasi ya kuandika yao, msiwape barua iliyokwisha andikwa.

Saini_Moja:
Karani umenigusa, shikamoo. Mimi ni mtu wa maombi ya mtandaoni. Kule Uingereza saini 10,000 zinakupa jibu la serikali, 100,000 ombi linafikiriwa kujadiliwa bungeni. Mwaka 2019 ombi la kufuta mchakato wa kujitoa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 6. Serikali ilikataa, wabunge wakalijadili tarehe 1 Aprili, basi. Linganisha na Ufini: tangu 2012, saini 50,000 ndani ya miezi 6 zinalifikisha pendekezo la wananchi bungeni. Sheria yao ya ndoa za jinsia moja ilipita kwa njia hiyo mwaka 2014. Uikubali au usiikubali, utaratibu ulifanya kazi.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kusaini natafuta kitu kimoja: saini zikitimia, nani analazimika kufanya nini? Tovuti isiyojibu swali hilo naipita. Ombi la mwisho nililosaini lilionyesha kamati husika na tarehe ya kuliwasilisha. Nikaenda kusikiliza. Ukumbi ulijaa watu ambao hatukuwa tunajuana kabisa.

Mpigakura_Mpya:
Mimi nilitaka kusoma ilani tu. Tovuti ya chama ikadai kwanza namba ya simu na barua pepe. Ilani yenyewe ilikuwa picha za mgombea na kurasa chache. Jumbe za kuchangisha fedha bado zinaingia. Nilikata tamaa kweli.

Mjumbe_wa_Mtaa:
Pole, mdogo wangu. Langu ni la tovuti bandia. Mwaka 2016 vijana wa mji wa Veles, Masedonia Kaskazini, walifungua tovuti nyingi za siasa za Marekani kwa ajili ya fedha za matangazo; uchaguzi wenyewe haukuwahusu. Kwetu ilikuja kwa sura nyingine: kiungo kinachosema siku ya kupiga kura imesogezwa. Shangazi alikuwa ameshaamua kutokwenda. Nikafungua tovuti ya tume nikiwa naye, akasoma tarehe kwa macho yake, kisha yeye ndiye aliyewapigia wenzake wa kikundi. Uvumi ulizimika kwa sababu tovuti ya tume ilikuwa hewani, tarehe iko ukurasa wa kwanza, kwa lugha anayoielewa. Ingekuwa imefichwa ndani ya tangazo refu la kisheria, tungempoteza.

Mwendesha_Mjadala:
Niongeze moja. Taiwan mwaka 2015 walijadili suala la Uber kwa kutumia programu iitwayo Polis. Unaandika hoja, wengine wanakubali, wanakataa au wanapita. Hakuna kitufe cha kumjibu mtu. Niliijaribu kwenye mjadala wa vijana kuhusu bajeti ya eneo letu. Wale wanaozoea kufoka wakakosa wa kufokea, na hoja iliyokubaliwa na kambi zote mbili ilitoka kwa binti ambaye hakuwahi kufungua mdomo kikaoni. Tuliipeleka kwa diwani kama alivyoiandika, na imeingia kwenye mapendekezo.

Mleta mada:
Asanteni sana. Karani, ukipata nafasi tuwekee mfano wa maoni mliyoyakubali kamatini, tuone yalivyoandikwa.