Mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza Mlimani: abebane hosteli au apange chumba?

Kaka Mkubwa
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kike amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hajawahi kuishi nje ya Songea. Jina lake halikutokea katika orodha ya waliopangiwa vyumba, kwa hiyo amebaki na njia mbili: kubebana na rafiki yake katika kitanda kimoja cha hosteli, jambo ambalo utaratibu hauruhusu, au kupanga chumba Changanyikeni, ambako dalali ametutumia picha za chumba kinachojitegemea. Mzee anaona kwamba nyumba yenye geti inatosha. Mimi sina amani, kwa sababu binti huyu ana mazoea ya kusoma hadi usiku. Naomba ushauri wa waliopita huko.

Mhitimu wa Zamani
Mkuu, usimlipe dalali kwa picha. Nenda mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, akakitazame chumba mchana, kisha arudi saa 3 usiku kwa miguu, akipita njia ile ile atakayopita mdogo wako akitoka maktaba. Njia inayoonekana fupi mchana inaweza kuwa na kipande kisicho na taa wala nyumba, na hapo ndipo simu zinapokwapuliwa.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilipanga chumba chenye nondo nzito dirishani, nikalala dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto, kompyuta mpakato ikiwa juu ya meza iliyokuwa chini ya dirisha hilo. Asubuhi nilikuta waya wa chaja unaning'inia nje, na chini ya dirisha umeachwa mti mrefu uliofungwa ndoano ya waya wa kuanikia nguo. Mwizi hakuingia ndani. Alivua tu, kama mtu aliye ufukweni. Kilichoniuma kuliko kompyuta ni kazi ya wiki tano iliyokuwa ndani yake bila nakala popote. Mwambie kila anachokiandika ajitumie kwa barua pepe, na meza ikae ukuta wa mbali. Wiki ambayo bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, limeingia aongeze uangalifu, maana wanaojua kwamba limeingia si wanafunzi peke yao.

Mama Mwenye Nyumba
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu dirisha, ila nondo zile zile zinazomzuia mwizi ndizo zinazomfungia mpangaji ndani moto unapotokea. Chumba chenye mlango mmoja na madirisha yote yaliyochomelewa ni cha kukiogopa. Kwangu nimeagiza dirisha moja la kila chumba liwe na kipande cha nondo kinachofunguka kwa ndani kwa kufuli, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala unaufikia lakini ndoano ya mwizi haiufikii. Halafu ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji: mwanafunzi anaichomeka, umeme unakatika, anaondoka kwenda kwenye kipindi akiwa ameisahau, na umeme unaporudi hakuna mtu chumbani. Namba ya Zimamoto ni 114. Aihifadhi kwenye simu.

Hata akipata hosteli, azijue ngazi zote za jengo, wala asiridhike na ile moja anayoizoea. Tarehe 12 Aprili 2015, siku 10 tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, mlipuko wa umeme alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi uliwafanya wanafunzi wadhani wamevamiwa. Wengine waliruka kutoka ghorofani, mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Hakukuwa na mvamizi hata mmoja.

Dada wa Msewe
Kaka, hayo yote yanahusu mtu asiyemjua. Kwa niliyoyaona, binti anaweza kusumbuliwa zaidi na mtu anayemjua: mwenye nyumba anayegonga mlango usiku, au mwalimu anayemwita ofisini jioni kuzungumzia alama. Hilo la pili ni rushwa ya ngono, nalo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Atunze jumbe, asizifute kwa hasira, na TAKUKURU wanapigiwa bure kwa namba 113.

Na samahani kwa kulisema hili mapema, lakini alijue kabla ya kulihitaji: aliyebakwa asioge wala kufua nguo, awahi hospitali, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72. Kituo cha polisi ataulizia Dawati la Jinsia na Watoto, nao watampa PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Umwambie wewe kaka yake, ili ajue kwamba anaweza kukupigia simu saa 8 usiku bila kuulizwa alikuwa wapi.

Kaka Mkubwa
Ahsanteni sana, na shikamoo Mama. Nasafiri naye Jumatano, na chumba tutakiona usiku kama mlivyoelekeza. Jana nilimwomba dalali picha ya dirisha kwa upande wa nje. Mpaka sasa amenitumia picha tatu za vigae vya sakafuni.