Naombeni ushauri: neno "charge" nilitafsirije kwenye faharasa ya darasa?

Kalamu ya Tanga aliandika:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa faharasa ndogo ya Kiingereza na Kiswahili kwa darasa la jioni. Wanafunzi ni mchanganyiko: wapokezi wa hoteli, wauguzi, waongoza watalii na makarani wa kampuni za uwakala wa forodha. Neno lililonikwamisha ni "charge". Kamusi niliyonayo imetoa "toza, shtaki, shambulia, chaji, jukumu" ikaishia hapo bila mfano. Sentensi zenyewe ni hizi:

He was charged yesterday.
Who is in charge of the ward?
The children are in the charge of the nurse.
Charge it to my room.
The elephant charged.

Je, hili ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno tofauti yaliyofanana umbo kama kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako? Na nilipange vipi ili mwanafunzi asichanganye? Naomba kuwasilisha.

Mzizi wa Neno alijibu:
Ni neno moja, mkuu. Kiingereza kililichukua kwenye Kifaransa cha kale, ambacho nacho kililipata kwenye Kilatini cha baadaye: carricare, yaani kupakia gari la kukokotwa. "Carry", "cargo" na "car" zimetoka ukoo huohuo. Maana ya kwanza ni kutwika mzigo, na ukiishika hiyo, maana nyingi zilizobaki zinajipanga zenyewe. Bunduki ilitwikwa baruti, betri inatwikwa umeme, mteja anatwikwa malipo, mtuhumiwa anatwikwa kosa, msimamizi anatwikwa dhamana. Ile ya kushambulia ndiyo iliyokwenda mbali zaidi na mzigo.

Kwa hiyo usiwakaririshe orodha ya maana tano. Wafundishe kutazama kinachofuata baada ya neno. Likifuatwa na "with", mara nyingi ni mashtaka. Likifuatwa na kiasi cha fedha, au na "for" na huduma, ni kutoza. Likifuatwa na "to" na akaunti au chumba, ni kuingiza deni kwenye hesabu. Likifuatwa na "at", mtu au mnyama anakujia mbio. Sentensi yako ya kwanza haina chochote baada ya kitenzi, ndiyo maana haitafsiriki ikiwa peke yake. "Alishtakiwa jana" na "alitozwa jana" zote zinawezekana, ingawa kwenye habari za gazeti ya kwanza ndiyo inayokusudiwa karibu kila mara.

Kizimba Namba 2 alijibu:
Upande wa sheria nisisitize mpangilio, kwa sababu hapa kosa la tafsiri linamchafulia mtu jina.

"Accuse" ni kutuhumu. Jirani yeyote anaweza kukutuhumu. "Charge" ni hatua rasmi: kuna hati ya mashtaka, kuna kosa lililotajwa na kifungu chake. "Convict" ni kutiwa hatiani, na hilo hufanywa na mahakama. Anayeandika "amepatikana na kosa la wizi" mahali palipoandikwa "charged with theft" amemhukumu mtu ambaye kesi yake ndiyo kwanza inaanza. Andika "ameshtakiwa kwa kosa la wizi". Ona pia viunganishi: Kiingereza husema "accuse of" lakini "charge with". Wanafunzi wengi huandika "charged of" na kosa hilo huonekana mara moja.

"Drop the charges" ni kufuta mashtaka. Ukikuta "charged on three counts", usitafsiri "count" kuwa hesabu. Sema anakabiliwa na mashtaka matatu.

Kisha kuna "charge" ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 hutumia "charge" pale ambapo Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 husema "mortgage". Kwa Kiswahili cha kawaida zote ni rehani. Karani akikuta "charge over the property" akaandika "tozo ya nyumba", mteja atadhani anadaiwa ada fulani, kumbe nyumba imewekwa dhamana ya mkopo.

Forodhani alijibu:
Nyongeza kwa makarani wa bandarini na wapokezi, maana kwenye fedha ndiko neno hili lina ndugu wengi.

"Charge" ni jina pana la malipo yanayodaiwa kwa huduma. "Fee" ni ada, hasa ya mtaalamu, taasisi au shule (Kenya husema karo). "Fare" ni nauli. "Fine" ni faini. "Levy" ni tozo inayowekwa na mamlaka. Watanzania wanalikumbuka neno hilo tangu tozo za miamala ya simu za mwaka 2021. "Price" ni bei ya kitu, "cost" ni gharama kwa anayelipa. Kwenye benki na pesa za simu, "charges" kwa watumiaji ni makato, na ndilo neno la kuandika, kwa sababu fedha inakatwa kwenye salio bila mtu kuitoa mkononi.

Hotelini: "Charge it to my room" ni "niwekee kwenye bili ya chumba". "Free of charge" ni bila malipo. "Cover charge" ni kiingilio, si gharama ya kufunika.

Bandarini tenganisha hizi: "storage" hutozwa na bandari au bandari kavu kwa mzigo kukaa kwao. "Demurrage" hudaiwa na kampuni ya meli kontena lenye mzigo likikaa bandarini kupita siku za bure. "Detention" huanza kontena likishatoka na kucheleweshwa kurudishwa tupu. Ukiziita zote "gharama za kuchelewa", mteja hatajua amlalamikie nani.

Mtaani tunasema "fundi kanichaji elfu kumi", na kila mtu anaelewa. Kwenye ankara andika kutoza.

Wodi ya Tatu alijibu:
Sentensi yako ya pili na ya tatu zitenganishwe, zimewatega wengi. "In charge of" ni kuwa msimamizi. "In the charge of" ni kuwa chini ya usimamizi. Kijineno "the" kinageuza nani anamwangalia nani. "The nurse is in charge of the children" na "the children are in the charge of the nurse" zina maana moja. Ukiiondoa "the" iliyo kabla ya "charge" kwenye ya pili, watoto ndio wanaomsimamia muuguzi.

Kwa cheo, Tanzania tuna neno zuri linalosahaulika: mfawidhi. Mganga mfawidhi, muuguzi mfawidhi, hakimu mkazi mfawidhi. Litumie kwenye vyeo. Kwenye mazungumzo "Who is in charge?" ni "nani anasimamia hapa?"

Kalamu ya Tanga aliandika:
Nimepata mwanga mkubwa, ahsanteni sana. Je, "discharge" nayo iingie humohumo? Naiona hospitali, mahakamani na kwenye hati za meli.

Forodhani alijibu:
Iingie, maana ni kutua mzigo uleule. "Port of discharge" ni bandari ya kupakulia.

Wodi ya Tatu alijibu:
Hospitali ina mbili zisizokutana. Mgonjwa akiwa "discharged" ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kidonda kikiwa na "discharge" kinatoa usaha au majimaji. Kwenye fomu angalia kama anayezungumziwa ni mtu au ni kiungo.

Kizimba Namba 2 alijibu:
Mahakamani tahadhari: "discharged" si sawa na "acquitted". Wa pili ameachiwa huru baada ya kuonekana hana hatia. Wa kwanza ameachiwa, lakini mara nyingi anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile, mfano Mkurugenzi wa Mashtaka akiiondoa kesi kabla ya hukumu. Andika "ameachiwa" kwa wa kwanza, na "ameachiwa huru" umwachie wa pili.

Nyika alijibu:
Imebaki ya tembo. "Charged" husema tu kwamba alikuja mbio kuelekea watu. Haisemi kama aligusa mtu. Ukiandika "tembo alishambulia" msomaji ataulizia majeruhi. "Alitujia mbio" inatosha. Waongoza watalii hutofautisha "mock charge", yaani kujia mbio kwa kutishia: masikio yametanuliwa, kichwa kiko juu, na aghalabu anasimama kabla ya kufika. Wa kweli kwa kawaida hubana masikio na kukunja mkonga ndani. Dalili hizo hazina uhakika kamili, kwa hiyo gari liondolewe kwa vyovyote vile.

Kwenye mpira, "charge" ni kumkumba mpinzani kwa bega. Sheria ya 12 ya soka, inayohusu makosa, hailifanyi kuwa kosa lenyewe kama lenyewe. Huwa kosa likifanywa kwa uzembe, bila kujali au kwa nguvu kupita kiasi.

Mzizi wa Neno alijibu:
Kwa mpangilio, kila mstari wa faharasa uwe na kirai kizima: "charge someone with", "charge someone for", "charge something to", "in charge of", "in the charge of", "charge at". Pembeni weka safu ya pili yenye fani: mahakama, fedha, hoteli, hospitali, pori. Umeme uupe mstari mmoja tu, kuchaji na chaja, kwa kuwa hapo hakuna anayekosea.