Nyie mnaowapa wageni wa Linux amri zenye -y mwishoni, nina maneno na nyie

Wakuu, salamu zenu. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuzificha, maana amri yenye -y (alama inayoifanya mashine iweke na kufuta programu bila kukuuliza) imenivurugia kazi, kwa hiyo mwenye kutaka kuniambia "punguza jazba mkuu" apite uzi mwingine.

Nina steshenari ndogo hapa Makambako, si mbali na stendi. Nachapa barua na mikataba, natoa kopi, natengeneza kadi za michango ya harusi na mabango ya sendofu. Kazi zote hizo zinategemea laptopu moja yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Mnajua wenyewe msaada wa Windows 10 ulifungwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine yangu haimo. Pesa ya kununua nyingine sina. Mkaniambia, tena kwa kunisisitiza, hamia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure na mashine yako itapumua. Nikapata flashi yenye Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, kwa kijana mmoja, nikaiweka.

Na nitasema haki yake. Iliingia bila shida, printa ikatambulika yenyewe, Wi-Fi ikashika, mashine ikawaka haraka kuliko miaka yote niliyokuwa nayo. Toleo hilo linapata masasisho ya usalama mpaka Aprili 2027. Sina ugomvi na Ubuntu hata kidogo. Ugomvi wangu ni na watu, na nitaeleza kwa nini.

Ijumaa jioni nilikuwa na kadi 150 za mama mmoja anayeozesha binti. Mchoro wa kadi niliutengeneza zamani kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, na Inkscape iliyomo kwenye ghala la programu la Ubuntu 22.04 ni ya 1.1, imepitwa na ile niliyokuwa nikitumia. Nikashusha toleo jipya la AppImage. Kwa asiyejua, AppImage ni faili moja lililobeba programu nzima tumboni: unaliruhusu kuendeshwa, unalibofya mara mbili, linafunguka. Mimi nikabofya. Kimya. Nikabofya tena. Kimya. Hakuna dirisha, hakuna eror, hakuna hata alama ya kuzunguka. Nikalifungulia kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, ndipo likasema:

dlopen(): error loading libfuse.so.2
AppImages require FUSE to run.

Yaani linahitaji FUSE, kifaa cha mfumo kinachoruhusu faili hilo lifunguliwe kama diski. Nikatafuta, nikakuta mwongozo wa jamaa mmoja, una shukrani kibao chini yake, "asante kaka, imekubali". Tiba yenyewe ilikuwa mstari mmoja (apt ni programu ya kuweka na kuondoa pakeji, yaani vifurushi vya programu; sudo huipa ruhusa ya msimamizi):

sudo apt install fuse -y

Nikakopi, nikabandika, nikaweka nywila, nikabonyeza Enter. Maandishi yakashuka kama mvua. Niliona neno Removing (inaondoa) likipita mara nyingi, nikajua ndivyo mambo yanavyokwenda huku. Nikabofya Inkscape, ikafunguka! Nikapanga kadi, nikahifadhi, nikazima mashine nikaenda kulala na amani.

Jumamosi asubuhi nawasha. Skrini nyeusi. Mstari mmoja juu unaomba jina, halafu nywila. Naandika nywila, hakuna kinachoonekana, hata nyota moja. Nikadhani na kibodi imekufa. (Kumbe kwenye terminali nywila haionekani kabisa unapoiandika, ndivyo ilivyotengenezwa. Nani aliwahi kuniambia?) Saa 3 yule mama akafika na kitenge chake, akakaa kwenye benchi. "Mwanangu, kadi zangu ziko tayari?" Nikamwambia mama naomba univumilie kidogo, mashine imegoma. Akasema kamati inakaa saa 10 na kila mjumbe anatakiwa aondoke na kadi zake. Sikuwa na la kumjibu.

Nikaomba msaada kwa simu, kwenye magrupu na kila nilipojua kuna watu wa Linux. Haya ndiyo niliyopata.

Wa kwanza: soma manual. Nisome manual kwenye skrini nyeusi, ndugu yangu, na wateja wako mlangoni?

Wa pili: "Ungesoma orodha ya vinavyofutwa kabla ya kubonyeza Y." Huyu ndiye aliyenipandisha shinikizo. HAKUKUWA NA Y YA KUBONYEZA. Hicho ndicho -y inachofanya! Inaijibu apt "ndiyo" kwa niaba yako kabla haijauliza. Apt yenyewe ni mwungwana: ikitaka kufuta vitu inaviorodhesha chini ya maneno "The following packages will be REMOVED" (pakeji zifuatazo zitaondolewa), halafu inasimama inasubiri jibu lako. Yule mwandishi wa mwongozo alininyang'anya nafasi hiyo ili amri yake ionekane fupi. Na nyie mnakuja kuniambia sikusoma swali ambalo sikuulizwa?

Wa tatu, na hawa walikuwa wengi: "Piga chini, weka upya, dakika 20 tu." Ndani ya mashine hiyo kuna mikataba ya watu, michoro ya miaka 4, picha za pasipoti, hesabu za madeni. Mgeni ukimwambia aweke upya, atachagua kufuta diski nzima kwa sababu ndilo chaguo analoliona mbele yake. Na faili zangu zote zilikuwa salama kwenye /home, folda ya faili za mtumiaji, hazijaguswa hata moja! Ningewasikiliza, ningeteketeza kazi yangu kwa mkono wangu kwa tatizo ambalo halikuhitaji kufuta chochote.

Aliyeniokoa ni mmoja, hakuniita mjinga, hakunipa amri kwanza. Aliuliza: toleo gani la Ubuntu, na amri ya mwisho uliyoandika ni ipi? Kisha akaniambia nibonyeze Ctrl+Alt+F3, niingie kwa jina na nywila yangu, niandike amri ya kusoma kumbukumbu za apt:

less /var/log/apt/history.log

Wakuu, kila kitu kilikuwa humo. Tarehe, saa, amri niliyoandika neno kwa neno, kilichowekwa, na chini yake neno Remove likifuatiwa na orodha ndefu: fuse3, xdg-desktop-portal, ubuntu-desktop na wenzake. Mashine iliandika ushahidi wote, na watu zaidi ya kumi waliojiita mafundi hakuna aliyenielekeza kuutazama.

Akanieleza chanzo, nami nawaeleza ili mgeni mwingine asipite nilikopita. Ubuntu 20.04 ilikuja na FUSE ya toleo la 2, kwa hiyo kwenye 20.04 amri ile haikuwa na madhara. Mwongozo uliandikwa wakati huo. Kuanzia 22.04 mfumo ulihamia fuse3, na pakeji ya fuse haikai nyumba moja na fuse3: ukiweka hii, ile inatoka. Ikitoka fuse3, inatoka na kila kinachoitegemea, na kinachoitegemea ni sehemu ya mazingira ya desktop yenyewe, yaani madirisha na menyu unazoziona. Jioni ile mashine iliendelea kufanya kazi kwa sababu vitu vilikuwa tayari kwenye memori. Asubuhi ikatafuta cha kufungua, ikakosa. AppImage yangu haikuhitaji pakeji ya fuse, ilihitaji maktaba tu iitwayo libfuse2, ambayo inakaa pamoja na fuse3 bila ugomvi. Watu wa AppImage wenyewe wameandika onyo hilo kwenye maelezo yao: kuanzia 22.04 msiweke fuse, wekeni libfuse2. Onyo lipo wazi! Mwandishi wa mwongozo hajarudi kulisoma.

Tiba: nikaunganisha simu kwa waya wa USB ili ipate intaneti, kisha

sudo apt update
sudo apt install ubuntu-desktop
sudo apt install libfuse2

Bila -y. Mara hii nilisoma kila mstari, nikaona fuse inatoka na fuse3 inarudi, nikabonyeza Y mwenyewe. Bando likakata katikati, nikanunua jingine. Saa 8 na nusu desktop ikarudi kama ilivyokuwa, hata picha ya mwanangu niliyoiweka ukutani. Lakini yule mama alishaondoka tangu saa 5 na kazi yake ameipeleka kwingine. Amekuwa mteja wangu tangu nafungua. Sijamwona tena.

Sasa msiniambie ni uzembe wangu. Novemba 2021 Linus Sebastian, Mkanada mwenye chaneli kubwa ya kompyuta, alikuwa anaweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, ndugu yake Ubuntu, pakeji ikawa na kasoro, apt ikamwambia aandike "Yes, do as I say!" (ndiyo, fanya nisemavyo) kama ana uhakika. Akaandika. Desktop nzima ikaondoka, mbele ya kamera. Wangapi walimcheka? Wengi sana. Lakini wenye apt wenyewe hawakuishia kucheka, walibadilisha programu mwezi huo huo, toleo la 2.3.12, ili kuvunja pakeji za lazima kusiwe rahisi namna ile. Waliona kama mtu mzoefu ameanguka hapo, basi shimo liko hapo. Ila kinga hiyo inalinda pakeji za lazima tu, na ubuntu-desktop haimo kwenye hesabu hiyo. Kwetu sisi kinga pekee iliyobaki ni lile swali la Y. Ndilo mnalolifuta.

Na si fuse peke yake. Mgeni akikuta "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend" (imeshindwa kupata kufuli, yaani lock), nusu ya majibu yanamwambia afute faili la lock kwa rm. Mara nyingi hiyo lock imeshikwa na unattended-upgrades inayoweka masasisho, na apt inamtajia hadi namba ya kazi iliyoishika. Asubiri dakika kadhaa, imekwisha. Akifuta lock kazi ikiwa katikati, anaweza kuachiwa pakeji nusu nusu na kesho yake anahangaika na dpkg --configure -a, amri ya kumalizia pakeji zilizokwama. Kwa nini mnamfundisha kuvunja kufuli kabla hamjamuuliza nani yuko ndani?

Ninachodai hakihitaji shahada. Ukiandika amri ya kusaidia mgeni, taja toleo uliloijaribia na mwaka. Maana hata libfuse2 yenyewe, kwenye 24.04 inaitwa libfuse2t64. Sema kwa Kiswahili amri inafanya nini na unairudishaje nyuma. Mfundishe -s kabla ya -y: apt install -s fuse inaonyesha kila kitakachoingia na kitakachotoka bila kugusa chochote. Sekunde 5 tu. Mimi ningeona neno ubuntu-desktop kwenye orodha ya kutolewa na ningesimama, hata Kiingereza changu cha kuungaunga kingetosha. Na mtu akija na skrini nyeusi, neno la kwanza lisiwe "weka upya". Liwe history.log.

Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulikaa ukatafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, ili mtu kama mimi asome menyu kwa lugha yake. Watu walijipa kazi ya neno moja moja, maelfu kwa maelfu. Nyie mnashindwa kuandika sentensi mbili chini ya amri.

Jamaa wa ule mwongozo, najua mitaa hii unapita. Nimekuandikia mara 2, hujajibu, na bado watu wanakushukuru pale chini bila kujua kesho asubuhi mashine zao zitawaka na nini. Fungua ukurasa wako leo. Futa fuse, weka libfuse2, futa hiyo -y, andika "Ubuntu 22.04". Haizidi dakika mbili.