Joto la Lake Havasu City, Arizona: anayepajua atuelekeze

Kutoka: Mama Rehema, Hoima

Ndugu zangu, nawasalimu wote.

Binti wa dada yangu anaondoka mwezi wa saba kumfuata mumewe Lake Havasu City, kule Arizona, na ana mtoto wa miezi minane. Mume anasema ni mji wa ziwa, wa watalii na boti na hoteli. Tukajisemea afadhali, maana binti amekulia Butiaba, ufukoni kabisa mwa Ziwa Albert hapa Uganda, joto si mgeni kwake. Jana nikatazama hali ya hewa ya huko kwenye simu, nikaona nyuzi 46. Nikadhani simu imeharibika.

Aliyewahi kukaa huko anieleze. Joto lao linatofautianaje na letu? Abebe nini, aache nini? Na feni anunue hapa aende nayo?

---

Kutoka: Baba Juma, Butiaba

Dada, usimtie mtoto hofu bure. Huku kwetu ukishamaliza ule mteremko wa Biso, joto linakupokea kabla ya wenyeji, na tunaishi. Mwambie afungue madirisha yote, mchana akae barazani kivulini, jioni ziwa litamletea upepo. Aliyelelewa hapa hashindwi na joto la watalii.

---

Kutoka: Mama Shani, Jinja

Mama Rehema, shikamoo. Baba Juma, nakuheshimu kaka yangu, lakini ushauri huo ukifuatwa Havasu mwezi wa saba, mtoto atalazwa. Nimeishi huko na familia yangu kabla hatujarudi Jinja, na nilichokiona ni kwamba wanaoponzwa haraka ni sisi tunaojiita wazoefu wa joto.

Joto la Albert lina unyevu. Jasho linakutoka, shati linaloa, mwenyewe unajua umezidiwa, unatafuta kivuli na maji. Kule hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Unajipapasa, ngozi kavu, nguo kavu, unajiona mzima, kumbe maji yanakutoka tangu asubuhi. Dalili zitakazomjia kwanza ni kichwa kuuma, hasira zisizo na sababu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Anywe maji kwa saa, asingoje kiu. Chupa iwe mkononi hata akienda dukani mtaa wa pili. Na asinywe maji matupu siku nzima, chumvi nayo inatoka. Zile pakiti za chumvi tunazowapa watoto wakiharisha abebe kadhaa.

Madirisha ndiyo kosa kubwa zaidi. Huku tunafungua ili hewa ipite. Kule mchana hewa ya nje ina joto kuliko mwili wako, kwa hiyo ukifungua umelikaribisha ndani. Mwezi wa saba mchana kufika nyuzi 43 ni jambo la kawaida, na rekodi ya jimbo zima la Arizona iliwekwa hapohapo mjini, tarehe 29 Juni 1994: nyuzi 53.3. Katika hewa ya namna hiyo upepo haupoozi, unakukausha tu. Basi madirisha yafungwe, mapazia mazito yashushwe tangu jua linapochomoza, yasiguswe. Usiku pia, maana Julai kuna usiku mwingi ambao joto halishuki chini ya nyuzi 27. Baraza la mchana asahau mpaka Oktoba.

Kuhusu ziwa, tusidanganyike na jina. Lile ni mto Colorado uliozuiwa na bwawa la Parker, lililokamilika mwaka 1938. Ni jembamba, na pande zote ni mawe na milima mikavu inayoota jua mchana kutwa na kuachia joto usiku kucha. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100, ambayo Kampala inaweza kuipata ndani ya mwezi mmoja wa masika. Hakuna miti ya kivuli kama miembe yetu. Ila maji yenyewe ni mazuri sana kuogelea, na nawaonea wivu kwa hilo: hakuna kichocho, hakuna mamba, hakuna kiboko. Aangalie mawili tu. Maji yakiwa moto sana wakati wa kiangazi asipige mbizi bila kubana pua, kwa sababu kuna amiba anayeingia kupitia puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini mwaka 2007 kijana mmoja alifariki baada ya kuogelea humo. La pili, siku za sikukuu boti hubanana kwenye ule mfereji ulio chini ya daraja la mjini huku injini zikiwaka, na moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Asikae na mtoto hapo.

Sasa mtoto. Mbeleko aitumie ndani ya nyumba tu. Nje, mgongo wa mama na kifua cha mtoto vinapashana joto, na mtoto hawezi kukwambia amezidiwa. Anyonyeshwe mara nyingi kuliko alivyozoea. Kwenye gari, kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake, aguse kwanza kile chuma cha kufungia, kinaunguza ngozi. Asimwache garini hata akishuka kulipia mafuta tu. Huko Marekani watoto wanakufa kwa hilo kila mwaka, tena wengine wa wazazi makini.

Maji ya bomba nayo yatamshangaza. Kiangazi, bomba la baridi linatoa maji ya moto, kwa sababu mabomba yamelala kwenye ardhi iliyochomwa. Nilikuwa nakinga beseni usiku, naliacha chumbani, asubuhi ndiyo namwogeshea mtoto. Malapa yawe mlangoni daima. Lami inaunguza nyayo hadi malengelenge. Na dawa zikiletwa kwa posta azichukue siku hiyohiyo, lile sanduku la barua la bati linageuka tanuri.

Kupika maharage kwa saa tatu jikoni mchana, hapana. Nyumba nzima inapanda joto na mashine ya kupooza inahangaika mpaka usiku. Apike kabla ya alfajiri au atumie sufuria ya presha. Mimi nilikuwa napika mara mbili kwa wiki na kugandisha, mume wangu akalalamika kidogo, kisha akazoea.

Mafuta ya shea kutoka Lira abebe ya kutosha, midomo na visigino vinapasuka na pua zinatoka damu kwa ukavu. Ayafunge vizuri kwenye chupa, maana yatayeyuka yote kabla hajafika nyumbani. Na sweta abebe, msicheke. Desemba na Januari usiku hushuka hadi nyuzi sita au saba.

---

Kutoka: Fundi Musa, Kampala

Salaam. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, nijibu la feni. Asibebe. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Feni ya hapa kule itazunguka kwa uvivu au isizunguke kabisa. Pasi na birika pia aache.

Nyumba za huko zina mashine za aina mbili, na ni lazima amuulize mumewe wana ipi, kwa sababu zinatumika kinyume. Kiyoyozi cha gesi kinataka nyumba ifungwe, kama alivyosema Mama Shani. Ile ya maji ni feni kubwa inayovuta hewa kavu ya nje kupitia pedi zilizoloa. Maji yakivukizwa hewa inapoa, na hiyo inataka dirisha moja liachwe wazi kidogo upande wa pili ili hewa itoke. Inakula umeme kidogo sana. Mwezi wa tano na wa sita inafanya kazi vizuri. Lakini kuanzia Julai hadi Septemba wana msimu wa dhoruba, unyevu unapanda, na mashine hiyo inakuwa inawapulizia mvuke tu. Huku Butiaba ingekuwa pambo. Maji ya Colorado yana chokaa nyingi, kwa hiyo pedi zikaguliwe mara kwa mara.

Jambo lingine: hakuna yaka, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Huku uniti zikiisha taa zinazima, unajua umetumia kiasi gani. Kule bili inakuja mwisho wa mwezi, na ya Agosti inaweza kuleta ugomvi wa ndoa. Kile kidude cha ukutani cha kupangia joto akiweke nyuzi 26 hivi. Kinasomeka kwa farenihaiti, kwa hiyo atafute 78 au 79. Asikishushe hadi 65 akidhani nyumba itapoa haraka zaidi. Haipoi haraka, mashine inazidi tu kukimbia.

---

Kutoka: Baba Juma, Butiaba

Nimesoma, nimenyamaza. Lakini niulize: nani mwenye akili alikwenda kujenga mji hapo? Sisi Albert ilipofurika mwaka 2020 ikatuchukulia nyumba, lakini angalau wazee walikuja kwa ajili ya samaki.

---

Kutoka: Mama Shani, Jinja

Tajiri mmoja, Robert McCulloch, mwenye kiwanda cha misumeno ya injini. Alitaka mahali pa kujaribia injini za boti, akanunua ardhi, akaanzisha mji miaka ya 1960. Watu walipokawia kuhamia, mwaka 1968 akanunua daraja zima la London kwa dola 2,460,000, mawe yakapewa namba, yakasafirishwa na kupangwa upya jangwani. Lilifunguliwa 1971. Ndilo lile nililolitaja. Na ziwa lao halifuriki ovyo kama Albert, kina chake kinapimwa na kudhibitiwa kwa sababu Los Angeles na Phoenix wanayategemea maji hayo.

Nimesahau dhoruba. Zile za Julai zinakuja jioni, kwanza ukuta wa vumbi, halafu mvua ya dakika chache. Mji una makorongo makavu yanayoteremka kutoka milimani kwenda ziwani, na barabara nyingine zinayakatiza. Mvua ikinyesha mlimani, korongo linajaa hata kama mjini hakuna tone. Akikuta maji barabarani asivuke, hata kama gari la mbele limevuka.

---

Kutoka: Mama Rehema, Hoima

Mungu awabariki. Nimemsomea binti kwa simu, amesema Baba Juma aje ampokee yeye uwanjani. Tiketi haibadilishiki, anafika Las Vegas saa tisa alasiri, mwezi wa saba. Mume anakuja na gari lake la zamani. Na akitaka kunipigia simu ni saa ngapi kwetu?

---

Kutoka: Mama Shani, Jinja

Tofauti ni saa kumi mwaka mzima, Arizona hawabadilishi saa. Kwao saa kumi na moja alfajiri, kwako saa tisa alasiri. Huo ndio wakati mzuri, kwa sababu alfajiri ndipo watu wa huko wanatoka kutembea na kununua vitu.

Kutoka Las Vegas ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, jangwa tupu, na sehemu nyingine mtandao unakatika. Kwa gari la zamani, mume akague maji ya rejeta, mkanda wa feni na tairi la akiba kabla hajaondoka nyumbani. Garini kuwe na maji angalau lita kumi, kitambaa cha kulowesha kwa ajili ya mtoto, na shuka jeupe la kuziba dirisha la upande wa jua. Gari likizima wasiliache kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Wafungue milango, wakae kwenye kivuli chake na wapige 911. Ila mimi ningewaambia wale, wapumzike hapohapo uwanjani ndani ya baridi, waondoke saa mbili usiku jua likishazama. Mtoto atalala njia nzima.